Nilimpaka mwanangu poda nikampeleka shuleni, na jirani yangu mjamzito hajui

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Mtwara mjini, na kila asubuhi ninauza vitumbua na chai ya rangi jirani na stendi. Mume wangu ni mtu wa Newala, na kama ilivyo kawaida yetu mwezi wa Desemba tuliumalizia huko kwao, kwa sababu alikuwa na korosho zake za mwisho na pia mtoto wa kaka yake alikuwa anatoka jandoni, sherehe ambayo tusingeweza kuikosa. Watoto walikuwa wengi mno pale nyumbani, wakilala kwenye mkeka mmoja na kula kwenye sinia moja, na ninakumbuka mmoja wao alikuwa na vidonda vilivyokauka mwili mzima, nikaambiwa ameumwa na wadudu wa shambani. Sikujali.

Tulirudi Mtwara siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Mwanangu mkubwa ana miaka sita na mwaka huu ndio anaanza darasa la kwanza, kwa hiyo nilikuwa na pilika za sare, madaftari na foleni ya kinyozi. Jumapili usiku, nikimwogesha, niliona vipele vitatu kifuani na kimoja mgongoni. Kwa joto hili la Januari nikasema ni harara, nikampaka poda akalala. Jumatatu akaenda shule. Jumanne alfajiri nikaona kipele kingine kwenye paji la uso, nacho kilikuwa na maji ndani, kinang'aa kama tone la mafuta, na mwili ulikuwa na moto. Shangazi, hapo nilijua kwamba si harara. Sitakuficha: nilimpa dawa ya homa, nikamzidishia poda usoni, nikamwambia asijikune mbele ya mwalimu, nikampeleka.

Nilikuwa na sababu ambazo siku ile niliziona nzito. Darasani kwao wako wengi na madawati hayatoshi, na mtoto anayekosa siku za mwanzo hukuta nafasi imeshachukuliwa akaishia kukaa sakafuni. Sina wa kumwachia, maana mama mkwe ninayeishi naye ndiye anayemshika mdogo wa miezi minane ninapokuwa kwenye biashara. Na kubwa kuliko yote, tangu yalipotoka yale matangazo ya Mpox, hapa mtaani mtoto akitoka vipele tu watu wanaanza kunong'ona. Nani angenunua kitumbua kwa mwanamke ambaye mwanawe anasemwa ana Mpox?

Jumatano mwalimu alimrudisha nyumbani. Zahanati walisema ni tetekuwanga, wakampa dawa ya homa na losheni ya kupaka. Leo ni siku ya nane tangu arudishwe. Vipele vyote vimekauka, yamebaki magamba machache na madoa meusi, lakini mwalimu anasema asirudi mpaka madoa yaishe, pengine wiki tatu.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Kwenye dawati wanakaa watatu, na aliyekaa bega kwa bega na mwanangu siku zile zote ni binti wa jirani yangu, ambaye tunatumia naye uwanja mmoja na bomba moja. Jirani huyo ni mjamzito, mimba ina kama miezi saba. Juzi bombani aliniuliza mwanangu anaumwa nini, nikamjibu, "Homa tu, anaendelea vizuri." Binti yake mpaka sasa ni mzima. Mume wangu, ambaye bado yuko Newala, ananiambia kwa simu ninyamaze, kwa kuwa tetekuwanga ni ugonjwa wa watoto na kila mtu huupata. Mama mkwe naye anataka mdogo alazwe pamoja na kaka yake ili naye augue sasa hivi, tumalize yote mara moja. Na mimi ninajiuliza: kadi ya kliniki ya mkubwa inaonyesha alipata chanjo zote, ya surua ikiwemo, sasa tetekuwanga imempataje?

Nisaidie, Shangazi. Nimwambie jirani au ninyamaze?

Mama wa Wawili, Mtwara

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Siku barua yako iliponifikia nilikutumia ujumbe mfupi: mwambie leo, kabla ya magharibi. Sikutaka usubiri siku ya safu hii, kwa sababu katika jambo lako siku zina hesabu yake. Hapa ninaandika kwa urefu, kwako wewe na kwa wazazi wengine ambao ninajua wamewahi kushika kopo la poda kama ulivyolishika wewe.

Nianze na hesabu hiyo. Mtu akishaambukizwa tetekuwanga hukaa siku 10 hadi 21 kabla ya kutoka vipele, wengi wao kama wiki mbili. Ndiyo maana mwanao aliyeupata ugonjwa Newala mwishoni mwa Desemba alikuja kutoka vipele Mtwara wiki ya pili ya Januari, akiwa ameshavaa sare. Na ndiyo maana binti wa jirani kuonekana mzima siku ya nane hakumaanishi kwamba amepona na hatari, bali kwamba muda wake haujafika. Zaidi ya hapo, mwenye tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza kuonekana. Kwa hiyo kama binti ameupata, angeweza kuanza kuupeleka kwa mama yake mnamo siku zilezile ulizokuwa unaandika barua hii, huku anaruka kamba uwanjani na hana hata alama moja.

Baba watoto hakukosea kabisa. Kwa mtoto mwenye afya njema, tetekuwanga kwa kawaida ni wiki moja ya kujikuna na kununa, kisha huisha. Lakini amesahau kwamba virusi hivyo havichagui umri, na mtu mzima ambaye hakuugua utotoni huugua vibaya zaidi. Kwa mjamzito ugonjwa unaweza kushuka kwenye mapafu ukawa nimonia kali. Na kama mama atatoka vipele siku chache kabla ya kujifungua au mara tu baada ya kujifungua, kichanga kinaweza kuupata kikiwa bado hakijapokea kinga kutoka kwa mama yake, na kichanga hakina nguvu za kupambana nao. Mimba ya jirani yako ina miezi saba, kwa hiyo bado kuna nafasi kati yake na siku ya uchungu, ila watoto wengine hawangoji miezi tisa.

Mjamzito anapojua mapema kwamba amekaa karibu na mwenye tetekuwanga, lipo la kufanya. Kliniki watamuuliza kama aliwahi kuugua, kwa maana aliyeugua mara moja kwa kawaida hubaki na kinga maisha yake yote. Kama hakuugua au hajui, watamweleza dalili za kuangalia, na vipele vikitoka anatakiwa kufika kituoni upesi, ikiwezekana ndani ya siku ya kwanza, kwa sababu ipo dawa ya kupunguza nguvu za virusi hivyo ambayo hufanya kazi vizuri ikianza mapema. Kikohozi au kubanwa na pumzi si jambo la kusubiri kesho yake. Asiyejua kwamba kuna tetekuwanga kwenye dawati la mwanawe ataona vipele vyake, atasema ni harara kama ulivyosema wewe, na hizo siku za mwanzo zitampita.

Hiyo ndiyo sababu nilikuambia leo. Methali ya mficha maradhi unaijua, sina haja ya kukurushia.

Sasa kuhusu kosa lako. Jumapili usiku hukuwa na kosa, na Jumatatu pia ninakuachia, kwa sababu harara na vipele vya mwanzo vya tetekuwanga vinafanana, na hata mimi niliyevaa gauni la uuguzi miaka mingi katika mkoa wa Lindi nisingeweza kuapa kwa kuangalia vipele vitatu kwa mwanga wa taa ya kuchaji. Tena watoto wenu wanacheza uwanja mmoja, kwa hiyo yawezekana binti aliambukizwa Jumamosi, kabla wewe hujaona chochote. Jumanne ni habari nyingine. Jumanne ulijua. Na bombani ulipoulizwa ukasema homa tu, ulijua zaidi. Sisemi haya ili kukuchoma, ila ukienda kwa jirani na maelezo yaliyochanganya yale usiyoyajua na yale uliyoyajua, atasikia uongo wa pili.

Ulinijulisha baadaye kwamba ulikwenda jioni ileile, ukasimama mlangoni kwake, ukasema kwamba ilikuwa tetekuwanga, kwamba ulimpeleka shule siku ya Jumanne ukijua, na kwamba kwa ajili ya ujauzito wake aende kliniki kesho yake. Vizuri. Hukuanza na habari za madawati wala za vitumbua. Umeniandikia pia kwamba alimpigia mama yake aliyeko Liwale, naye akakumbuka kwamba binti yake aliugua tetekuwanga akiwa mdogo, akataja hata kovu lililobaki juu ya nyusi. Hizo ni habari njema sana. Hata hivyo ninaona amefanya busara kwenda kliniki, kwa sababu kumbukumbu za wazazi wetu nyakati nyingine huchanganya tetekuwanga na surua.

Kwamba tangu siku hiyo hakusalimu, mwache. Ana haki hiyo. Usimfuate kila asubuhi bombani na msamaha mpya, wala usimtume mtu wa kumsuluhisha. Kama binti yake atatoka vipele, losheni uliyobakiza mpelekee, umweleze ulivyomkata mwanao kucha fupi ili asichubue vidonda, kisha urudi kwako.

Turudi kwenye Mpox, kwa sababu ninaona ndiyo iliyoshika kopo la poda kuliko kitu kingine. Machi 2025 Wizara ya Afya ilipotangaza wagonjwa wawili wa kwanza nchini, hofu iliyofuata ilikuwa kubwa, na kila mwenye kipele akatazamwa kwa jicho la pembeni. Vipele vya Mpox kwa kawaida huwa vigumu, vimezama kwenye ngozi, vya sehemu moja ya mwili hukua pamoja, hupenda kufika viganjani na nyayoni, na tezi za shingoni au kinenani huvimba. Vya tetekuwanga ni vyepesi, huanza kifuani na mgongoni, na hutoka kwa mafungu, hivi kwamba ukimvua mtoto shati siku ya tatu utakuta kimoja ndiyo kwanza kinachipuka, kingine kina maji na kingine kimeshaota gamba, vyote kwenye kipande cha ngozi kisichozidi kiganja. Lakini sikuandikii haya ili upime watoto mtaani. Ninakuandikia ili uone kwamba mhudumu wa zahanati angekutoa hofu hiyo asubuhi ya Jumanne, na kwa maneno yake ungekuwa na la kuwajibu wanong'onao. Ambaye yuko mbali na zahanati anaweza kupiga namba 199, ya Wizara ya Afya, bila kulipia, akaulizia.

Na vitumbua vyako havina kosa. Tetekuwanga huenea kwa hewa anayopumua mgonjwa na kwa maji ya vipele vyake, haipiti kwenye unga uliokaangwa kwa mafuta ya moto. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kwenda kwenye biashara. Kama wewe mwenyewe hukuugua utotoni, basi jiangalie kwa siku hizo 21, na ukihisi homa ukae nyumbani.

Swali lako la chanjo ni zuri na wazazi wengi wanalo. Surua na tetekuwanga ni virusi viwili tofauti. Katika ratiba ya taifa mtoto huchanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, ila tetekuwanga haimo katika ratiba hiyo. Chanjo ya mwanao ilifanya kazi yake, na haikuahidi zaidi ya hapo. Nami ninafurahi kwamba aliipata, kwa sababu surua ndiyo ninayoiogopa shule zinapofunguliwa. Surua huanza kwa homa kali, mafua, kikohozi na macho mekundu yanayochuruzika, na siku tatu au nne baadaye ndipo vipele visivyo na maji huanza nyuma ya masikio na usoni, vikashuka mwilini. Nilipoanza kazi Nachingwea tulikuwa tunawapanga watoto wa surua kwenye godoro moja wawiliwawili, tukiwakatia ncha ya kapsuli ya vitamini A na kuwadondoshea mdomoni, huku mama zao wakiwafunika kanga usoni kwa kuwa mwanga uliwaumiza macho. Wengine waliondoka na macho yao, wengine hawakuondoka nayo. Wazazi wa siku hizi hawakuviona vyumba hivyo, ndiyo maana dozi ya pili ya miezi 18 huwa inasahauliwa: mtoto ameshatembea, mama haoni tena sababu ya kumpeleka kupimwa uzito kila mwezi, na kadi imewekwa chini ya sanduku.

Sasa mama mkwe. Anachokisema kimesemwa na bibi zetu wengi, tena kwa nia njema, kwamba mtoto auguzwe pamoja na wenzake ili yaishe. Mimi siungi mkono hata kidogo kumlaza mtoto wa miezi minane kwenye maradhi kwa makusudi. Vipele vinaweza kuingia vijidudu vya usaha, mapafu yanaweza kuguswa, na mara chache hata ubongo, na hakuna anayejua mapema ni mtoto gani itamwendea hivyo. Hata hivyo nikuambie ukweli usikae unahesabu makosa: mnaishi nyumba moja, kaka yake alikuwa anaambukiza tangu Ijumaa au Jumamosi ile, yawezekana mdogo ameshaupata. Mlaze na wewe, mbali na kaka yake, na umwangalie mpaka siku 21 zipite tangu vipele vya kaka yake vilipokauka. Akitoka vipele mpeleke kituoni akaangaliwe kwa sababu ya umri wake. Akikataa kunyonya, akipumua kwa shida, akilegea, akipata degedege, au kipele kikiwa chekundu, cha moto na chenye usaha, mkimbize usiku huohuo.

Ila mkwe hafundishwi na mke wa mwanawe, hilo tunalijua sote. Usibishane naye jikoni. Siku ya kliniki mwombe akusindikize kumbeba mtoto, umuulize muuguzi swali hilo mbele yake, na muuguzi atajibu. Majani yake ya mwarobaini usiyakatae: maji ya vuguvugu yaliyochemshiwa mwarobaini, ya kuoga tu na si ya kunywa, sioni ubaya wake, na yatampa heshima yake katika kuuguza. Ninachowakataza wote wawili ni aspirini, ambayo mtoto mwenye tetekuwanga hapewi kabisa kwa sababu inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Ibuprofeni na diklofenaki pia muziache, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake inatosha. Amoksilini ya duka la dawa haiui virusi, ni ya kuamuliwa na mtaalamu pale vidonda vinapoingia usaha. Na homa yoyote, hata yenye vipele, ipimwe malaria. Mikoa yetu hii bado ina malaria nyingi, na nimeona mtoto akihesabiwa vipele siku tatu nzima huku malaria inamla damu kimyakimya.

Mwalimu naye nimsemee na pia nimsahihishe. Alifanya vyema kumrudisha mtoto. Lakini wiki tatu hazina msingi, huenda alichanganya siku 21 za kusubiri vipele na siku za kuambukiza. Mwenye tetekuwanga huacha kuambukiza vipele vyote vinapokuwa vimeota gamba na hakuna kipya kinachotoka, kwa kawaida siku tano hadi saba tangu vilipoanza. Madoa meusi yatabaki kwa wiki au miezi na hayamwambukizi mtu. Kwa maelezo yako mwanao yuko tayari kurudi. Pitia zahanati wamwangalie, uombe karatasi fupi ya kumwonyesha mwalimu, na kesho yake aende. Darasa la kwanza wanaanza na kusoma, kuandika na kuhesabu, na herufi za wiki mbili ni nyingi kwa mtoto wa miaka sita, kwa hiyo azima daftari la mwenzake jioni. Ukifika shuleni mwambie mwalimu pia habari ya Jumanne. Katika darasa lile anaweza kuwapo mtoto wa selimundu, au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambaye mzazi wake hajamtangaza na wala hapaswi kumtangaza, na mwalimu akijua kuna tetekuwanga darasani anaweza kuwapa wazazi wote taarifa bila kumtaja yeyote.

Hapa niseme neno kwa walimu na kamati za shule, kwa sababu mama huyu hakuficha ugonjwa kwa kupenda. Alificha kwa sababu mtoto anayekosa siku ya kwanza anapoteza dawati. Shule ambayo mtoto akiugua anaandikwa mtoro, au anarudi akakuta anakaa sakafuni, inawafundisha wazazi kununua poda. Kikao cha wazazi cha Januari kiamue jambo moja tu, kwamba mtoto aliyeripotiwa mgonjwa nafasi yake inangoja, na mtaona taarifa zitakavyoanza kuja zenyewe.

Nasi tunaijua Januari yetu. Watoto wanatoka Tandahimba, Ruangwa, Kilwa, kwenye mashamba ya korosho na kwenye sherehe za jando na unyago, kila mmoja na alichokiokota huko, wanakusanywa chumba kimoja chenye joto. Mwisho wa wiki kabla ya kufungua, mtaa mzima unapanga foleni kwa kinyozi mmoja mwenye mashine moja, na wiki tatu baadaye mapunye yanaonekana vichwani kama sarafu. (Kinyozi akifuta mashine kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa haimgharimu hata dakika moja. Na mapunye yaliyoshika utosini hayaishi kwa mafuta ya kupaka peke yake, yanataka vidonge vya wiki kadhaa kutoka kituo cha afya.) Macho mekundu nayo yana Januari yake, ile ya 2024 wengi wanaikumbuka, na mengine yanayopita kwenye kikombe kimoja cha maji kinachozunguka darasa zima.

Mwaka 2020 shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Siku ile ya kufungua kila mlango ulikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Nilipita shule moja mwaka uliofuata nikaikuta ndoo ile ile inahifadhia chaki. Watoto wetu kila asubuhi wanabeba kidumu cha maji kwenda shule, yanamwagiliwa maua na kudekia sakafu, nasi tunasema shule haina maji ya kunawa. Kidumu kimoja katika kila vitano kikitengwa kwa ajili ya kibuyu chirizi karibu na choo, kidumu kilichotobolewa, kikafungwa kamba na kijiti cha kukanyagia, sabuni ikaning'inizwa pembeni, kuhara na macho mekundu vitapungua. Tetekuwanga na surua vinasafiri kwa hewa, hivyo kibuyu peke yake hakivizuii. Hapo yanatakiwa madirisha yaliyo wazi na mtoto mgonjwa aliyebaki nyumbani. Mwalimu wa zamu anayekagua kucha kwenye paredi ainue macho kidogo aangalie pia paji la uso.

Kwako wewe limebaki moja. Mdogo atafikisha miezi tisa mwezi ujao, na hiyo ndiyo siku ya chanjo yake ya kwanza ya surua na rubela. Hata akiwa ametoka kuugua tetekuwanga, usiisogeze kwa uamuzi wako mwenyewe, nenda na kadi tarehe ileile, waeleze alichougua na lini, wao ndio watakaosema achanjwe leo au siku nyingine. Ukiwa hapo, mwonyeshe muuguzi na kadi ya mkubwa, aangalie kama dozi ya miezi 18 imeandikwa kwa tarehe au imeachwa tupu.